Sista Aliponiuliza Habari za Babu Yako

Mwanangu Shaibu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii tumekunywa uji pamoja na nimekuona unavyoupuliza, vilevile ulivyokuwa ukiupuliza ukiwa darasa la pili. Sasa umekwenda Mbwemkuru kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili, halafu akufungie mfuko wa mihogo mikavu ambao hutajua uupeleke wapi. Kwa hiyo nina mchana mzima. Shambani nimeacha kazi ya kupulizia mikorosho salfa katikati. Nimemwambia mama yako kwamba upepo umekuwa mkali. Upepo hakuna. Nilitaka tu kukaa mezani niandike.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyasema mpaka ukawa unamwitikia kabla hajamaliza sentensi. Kibondo kuna baridi, mwalimu mgeni hupewa darasa lililowashinda wenyeji, na begi usiliweke chini ya kiti cha mtu mwingine. Yote hayo unayo.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya mwili wangu, na ya mwili wa babu yako, na kwa hiyo na ya mwili wako. Najua hapo umeshainua macho. Baba haongei na mwanawe habari za chini ya kitovu. Kwetu hiyo ni kazi ya mjomba, na ulipotoka jandoni mimi niliitwa kukuona ukiwa umeshavalishwa kanzu mpya, nikapewa kiti pembeni pamoja na majirani. Mjomba wako Hassani ndiye aliyekaa nawe ndani, na sina ugomvi na hilo, alikufunza vizuri. Lakini hili hata yeye hawezi kukuambia kwa sababu halijui. Mimi ndiye ninayelijua, na mdomo wangu haujazoea, basi naandika.

Siku ya kipimo cha mkojo unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyenipeleka. Ulikuwa umeusikia mlango wa uani ukifunguliwa usiku, ukaninyamazia kwa muda mrefu, kisha siku moja tukiwa tunafunga magunia ya ufuta ukasema kuna watafiti wametoka Dar, wako hospitalini, wanapima tezi dume kwa mkojo. "Baba, ni mkojo tu. Hakuna kisu." Ulisema hivyo ukiwa umegeukia ukutani. Nikajibu kwamba magunia yanatosha kwa leo. Kesho yake nikavaa shati la Ijumaa, nawe hukuuliza nakwenda wapi. Ukamwita binamu yako Selemani alete pikipiki.

Ninyi mlibaki nje, kwa hiyo hukuona benchi letu. Wanaume wazima wa Nachingwea tumejipanga, kila mmoja hodari wa maneno. Mmoja akasema mkojo wetu unapelekwa Dar kutengenezewa dawa ya mikorosho, ndiyo maana mwaka huu pembejeo zitawahi. Mwingine akasema mkojo wake wasiuchukue, una sukari, watanogewa wasituachie. Tulicheka kwa sauti kubwa, na kila aliyekuwa akicheka alikuwa anauangalia mlango.

Uliponiambia ni mkojo tu, hukujua. Kabla ya chupa kuna kidole. Daktari anaibonyeza tezi kwanza, ili vilivyomo vishuke, ndipo unaingia chooni na chupa yako. Sitakueleza zaidi ya hapo. Nilitoka nimeishika chupa ina joto mkononi, nikafikiri aibu yote niliyopangiwa duniani nimeimaliza siku hiyo, na kumbe hiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Muuguzi aliyeipokea ni yule binti mrefu wa kutoka Bukoba, Sista Neema, uliyemsalimia mlangoni. Aliniketisha akanieleza. Tezi ikiwa na saratani, alisema, huacha alama zake ndani ya mkojo. Macho hayazioni, mashine inazisoma. Lakini mashine haisemi unaumwa au huumwi. Inasema hatari yako ni ndogo, au ni kubwa, au uko katikati. Mtu akiwa katikati wanaangalia na mengine: umri wake, kipimo cha damu, na kama baba yake au ndugu zake wa kiume waliwahi kuugua. Wakishajumlisha hayo ndipo daktari anaamua kukuacha au kukuchukua kinyama kidogo kutoka ndani ya tezi yenyewe, akipime.

Nilimwelewa mara moja. Miaka yangu yote ya mizani pale chama cha msingi tulikuwa tunafanya vivyo hivyo. Gunia la korosho utalipima unyevu, utalitikisa usikie mlio wake, lakini ukitaka kujua kilichomo lazima uchukue kiganja uzikate. Na huwezi kukata korosho za wilaya nzima. Kwa hiyo unauliza kwanza limetoka shamba la nani. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema nimeelewa kuliko madaktari wanafunzi. Nikajiona mtu.

Halafu akauliza. "Kwenu, mzee wangu, kuna mwanaume aliyewahi kuugua tezi dume? Au kupata shida ya mkojo?"

Nilijinyoosha kitini, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Nikamtajia wajomba zangu mmoja mmoja. Mjomba Mfaume, presha. Mjomba Athumani, kifua, alikohoa damu. Mjomba Bakari niliyerithi jina lake, mguu ulioza kwa sukari. Nikamwambia wote nimewauguza mimi, nimewaogesha kwa mikono hii, hakuna hata mmoja aliyelalamika mkojo.

"Na baba mzazi?"

"Baba alifariki kwao, Mnero. Homa."

"Homa tu?"

"Homa tu, sista."

Akaandika. Sikusita hata kidogo, mwanangu. Sauti ilitoka imara kama ya mtu aliyekuwepo.

Majibu yaliporudi ulikuwa nami ndani, uliyasikia mwenyewe. Daktari alisema niko katikati. Akasema kwa kuwa baba hakuugua na ndugu hawakuugua, na damu haijapanda sana, hakuna haja ya kunikata; nirudi baada ya mwaka turudie. Ulitoka pale unatembea haraka mpaka nikashindwa kukufuata. Ukaninunulia soda, na Selemani soda, na mlinzi wa getini soda. Wiki ileile ukakubali kituo cha Kibondo, ambacho ulikuwa umemwambia mama yako utakikataa mpaka ujue hali yangu. Ulikubali kwa sababu ya jibu langu.

Sasa inabidi nikueleze tulivyokuwa tunaishi, maana wewe umekua ukiniona kila siku nyumbani, na huenda huoni kwamba si kila mtu alikuwa hivyo.

Babu yako mzaa mimi alitoka Mnero akaja kuoa Mbwemkuru, akajenga kwa wakwe zake, akalima hapo. Sisi watoto tulikuwa wa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyeamua nani aende shule, nani aolewe. Baba alikuwa mtu mpole, mrefu, anasuka mikeka vizuri kuliko wanawake, na jioni alipenda kutuita tumkune mgongo. Nilimpenda. Halafu nikiwa kijana nimeshaota ndevu, akaanza kukaa peke yake. Akawa hali nasi. Siku moja wapwa zake, watoto wa dada zake, walikuja kutoka Mnero na baiskeli, wakaongea na mama uani kwa sauti ya chini, wakamchukua. Alikaa nyuma kwenye keria amejifunika shuka mpaka kiunoni, na jua lilikuwa kali.

Mama alisema, "Baba yenu amekwenda kwao." Hakuongeza neno mpaka anaingia kaburini.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanaume akiugua kweli, hauguzwi na watoto wake. Atavuliwa nguo, ataoshwa, na mtoto hapaswi kuyaona hayo. Anarudi kwa dada zake, wapwa zake ndio wanaomshika. Nami kwa wajomba zangu nilifanya hivyohivyo, na watoto wao nikawaambia niliyoona yanafaa kuambiwa. Nilijua kila jipu la wajomba zangu. Ya baba yangu sikuyajua, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini siyajui.

Wakati ule sikuyapanga hivi kichwani. Niliona tu kwamba ametukimbia. Nilimkasirikia kwa muda mrefu, na hasira ile ilinifaa, ilinipa nguvu ya kulima.

Mara moja nilipita Mnero na baiskeli, nimefunga ufuta, napeleka mnadani. Nyumba ya shangazi iko kando ya njia, huwezi kuikwepa. Nikamwona baba amekaa barazani kwenye mkeka, amejifunika shuka miguuni, amekonda. Aliniona. Nilisimamisha baiskeli, mguu mmoja chini, nikangoja ainuke, maana hata mgeni asiye na jina huinukiwa. Hakuinuka. Alinitazama tu, mkono mmoja umeshikilia shuka. Nikasema moyoni, sawa, kama hunitaki nami sikutaki. Nikakanyaga pedali. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa hai.

Tulipoitwa kuzika, tuliambiwa homa. Nilisimama nyuma ya wapwa zake, nikatupia udongo wangu baada yao, tukala, tukarudi Mbwemkuru.

Mwezi uliopita nilikwenda Mnero kuwapa habari za kazi yako. Nilifikia kwa binamu yangu Issa, mtoto wa shangazi, yule mzee asiye na meno ya mbele aliyekuwa akikuita mkwe ulipokuwa mdogo. Unajua mimi na yeye ni mabinamu, hatuheshimiani hata kidogo, tukikutana ni kutaniana mpaka mmoja achoke. Tulikuwa tunakula ugali na kisamvu. Nikaanza kumsimulia habari ya benchi na chupa, nikitaka acheke, na alicheka kweli, akafuta machozi kwa kiganja.

"Sasa wewe chupa moja tu unajisifu?" akasema. "Njomba, baba yako, kajaza chupa miezi. Na mwagaji mimi."

Nikamuuliza chupa gani.

"Ile ya mpira, bwana. Si mkojo ulikataa kutoka? Wakamtia mpira, mkojo unashuka kwenye chupa. Alikuwa anaificha chini ya shuka, watu wasione. Halafu mgongo. Usiku kucha ni mgongo tu, analia kama mtoto, njomba yule. Mwisho miguu ikafa. Tukawa tunambeba kumtoa nje apate jua."

"Mbona sisi tuliambiwa homa?"

Akaacha kula. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, utani umemtoka usoni.

"Wewe mtoto," akasema. "Mtoto anaambiwa homa."

Nilimaliza ugali wangu. Nikasifia mboga, nikamwambia mkewe kisamvu kimekolea karanga. Nilikuwa naisikia sauti yangu ikisema hayo. Kisha nikamuuliza Issa kama anakumbuka siku niliyopita na ufuta, nikasimama njiani nisisalimie. Akasema anakumbuka, alikuwa nyuma ya nyumba anachota maji, na babu yako alimwita. Alimwambia, "Bakari yuko njiani, njoo uniinue." Issa alipofika barazani mimi nilikuwa nimeshapita.

Tangu siku ile, Shaibu, sisikii kitu. Ningependa kukuandikia kwamba nilikaa chini nikalia, kwa sababu naona hilo ndilo lingefaa, na wewe ungejua la kufanya na baba anayelia. Sijalia. Wala siogopi, au kama naogopa hofu iko mahali ambapo siifikii. Nimekufa ganzi, ndivyo ilivyo. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu, unaugusa unajua ni wako lakini hausemi chochote. Nakula, nalala, naamka kwenda uani, narudi. Ulipotuonyesha barua yako ya ajira kwa mara nyingine juzi, nilicheka mahali pa kucheka. Naomba usidhani sikufurahi. Nilijua kwamba ni jambo la kufurahisha, nikalifurahia kwa akili.

Nilirudi hospitali. Selemani ndiye aliyenipeleka, na hapa kuna jambo ambalo lazima ulisikie kwangu. Selemani alijua kabla yako. Nilipotoka Mnero nilimwambia yeye, siku ileile, bila hata kufikiri, kwa kuwa ni mpwa wangu na miguu yangu ilinipeleka kwake yenyewe. Aliniuliza, "Njomba, Shaibu anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwache asafiri kwanza. Mimi nipo." Nikaona ni maneno mazuri. Nilikwenda nayo siku nzima, nikiyaona ni mazuri, na jioni nikiwa nafungia mbuzi ndipo nilipokumbuka ile baiskeli iliyokuja Mbwemkuru kumchukua baba, na wale vijana walioongea na mama kwa sauti ya chini. Nao bila shaka walisema wapo.

Sista Neema hakunikaripia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpira, mgongo, miguu. Nikamwambia labda ilikuwa tezi ya uzee tu. Akasema mkojo kukataa peke yake ingewezekana, wazee wengi hupata hilo na si saratani, lakini mgongo wa namna ile na miguu kufa, hapana, hilo ni jambo lingine. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba.

"Mzee wangu, ungesema hujui, ningeandika hujui. Daktari akiona hujui, anafanya tahadhari. Ulisema homa."

Akaniambia kwamba kwao Bukoba mtu anaweza kusahau wajomba wote lakini habari za baba na babu anazo, ndiyo maana hakuchimba zaidi. Aliponiona nimejibu haraka alidhani nimejibu kwa kujua. Alikuwa anajilaumu, nami nikamwambia asijilaumu, na nilimaanisha. Mimi nimekaa mizani miaka mingi nikiwauliza watu shamba la nani, na nilijua mtu anayejibu haraka mno anapaswa kuulizwa tena.

Kwa hiyo nitakatwa hicho kinyama. Daktari alinipa nafasi ya wiki iliyopita, nikamwomba aisogeze mbele mpaka uwe umeondoka. Nilimdanganya kwamba nina palizi. Hilo nililifanya mimi, hakunishauri mtu, na lilikuwa kosa lilelile kwa mara nyingine. Nilitaka upande basi ukiwa umetulia, ufike, uanze kazi, na mimi nimalize mambo yangu huku na Selemani. Nilikuwa nimeshaamua tutakuambia nini. Tungekuambia presha.

Ndipo nimekaa mezani leo.

Sikiliza, sina la kukufundisha kubwa. Mengi niliyokuwa nikiyajua nimeyakuta hayana maana mwezi huu. Lakini haya mawili unayo haki nayo. La kwanza, ukiulizwa popote, Kibondo au kwingine, sasa au ukiwa na mvi: baba wa baba yako alikufa kwa ugonjwa unaofanana na saratani ya tezi dume, na baba yako anachunguzwa. Kwa mila wewe ni wa upande wa mama yako, na mjomba wako Hassani ndiye atakayesimama kwenye ndoa yako, lakini tezi haikutoka kwa Hassani. Sista amesema mtoto wa mtu kama mimi aanze kupimwa mapema kuliko wengine, asingoje mpaka aanze kuamka usiku. Nilimuuliza wewe una muda gani, akasema unao mwingi bado. Nakuandikia hilo ulisome mara mbili.

La pili ni hilo la kusema sijui. Wewe ni mwalimu, watakuuliza watoto mambo, na utaona aibu kama nilivyoona mimi mbele ya binti mdogo mwenye koti jeupe. Nilikuwa na wajomba watatu wa kujivunia pale kitini, na nafasi ya baba ilikuwa tupu, nikaijaza na neno nililopewa makaburini. Sikudanganya. Ningekuwa nimedanganya labda ningejishtukia.

Kuhusu kwenda au kubaki, nimeligeuza hili asubuhi nzima. Ukibaki kwa ajili yangu utakaa hapa ukiniangalia nikila, nami nitakula kwa sababu unaniangalia, na nafasi yako atapewa mwingine. Nataka uende. Nataka sana, na hilo nalisikia, hata katika ganzi hii nalisikia. Lakini sitaki uende bila kujua, nikawa nimekuweka njiani mbele ya baraza la watu kama mimi nilivyowekwa, unasimamisha baiskeli unangoja mtu ainuke. Ukikasirika, kasirika kwa jambo lililopo. Ukiamua kubaki, tutagombana, nami nitagombana nawe kwa nguvu zangu zote, lakini tutakuwa tunagombana juu ya kitu ambacho sote wawili tunakijua.

Kwa sababu hiyo barua hii sitaitia kwenye begi lako ukaikute Morogoro. Ukirudi kutoka kwa shangazi yako nitakupa mkononi, na nitakaa hapahapa kwenye kiti wakati unasoma. Usiponiangalia sitaona vibaya. Mama yako anajua. Nimemwambia sasa hivi, nilipoacha kuandika kidogo. Aliweka pasi chini, akasema alijua nina jambo tangu nilipotoka Mnero, kwa sababu nilianza kusifia chakula.

Limebaki moja. Siku ile niliporudi hospitali Sista Neema aliuliza nani apewe majibu ya kinyama yakitoka, maana yatachukua muda, na huenda mimi nikawa shambani ambako simu haishiki. Selemani alikuwa amekaa pembeni yangu. Alishasogea mbele kuitaja namba yake, na hakukosea, ndivyo inavyokuwa. Nikamshika goti. Nikatoa simu yangu mfukoni, nikamsomea sista namba yako, polepole, tarakimu moja moja. Akauliza huyu ni nani wangu. Nikamwambia ni mwanangu, wa kuzaa. Tukatoka na Selemani mpaka kwenye pikipiki. Hapo akasema, "Njomba, umenifukuza kazi." Nikamwambia sijamfukuza, kuniogesha bado ni zamu yake. Akacheka, lakini aliendesha taratibu mpaka nyumbani, na yeye huwa haendeshi taratibu.

Wakati nafanya hivyo sikuwa nimeamua kukuambia lolote, na bado ningemwomba daktari asogeze siku mbele, na bado ningekuambia presha. Sijui mkono wangu ulijua nini. Sasa nimekuambia, kwa hiyo namba yako ina maana.

Basi ukiwa huko Kibondo ukaona namba usiyoijua inapiga, usiikate ukidhani ni matapeli. Ikikukuta darasani, wape watoto zoezi, toka nje, upokee. Watakuuliza kama wewe ni mtoto wa Bakari. Utasema ndiyo. Watakachokuambia utakuwa umekijua wewe kabla yangu, na kabla ya Selemani, na kabla ya mtu yeyote wa ukoo wangu. Kisha unipigie mimi, uniambie vilevile walivyosema.

Ni mimi baba yako,
Bakari